Fundi wa Majeneza na Kamusi Iliyoliwa na Mchwa

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba neno linaweza kuwa na babu alikuwa mtengeneza majeneza. Alinieleza hayo akiwa na misumari mitatu mdomoni. Nilipomwomba aiteme ili nimwelewe, alikataa. Alisema mwenye hamu ya kusikia atasikia hata kupitia misumari.

Watu wa Busia, upande wa Uganda na upande wa Kenya, walimwita Fundi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Mafundi wengine walikuwepo, wa baiskeli, wa cherehani, wa saa. Lakini ukisema Fundi tu, bila kuongeza kitu, kila mtu alijua unamsema yule mrefu mwembamba mwenye unga wa mbao kwenye nyusi, ambaye karakana yake ilikuwa upande wa Uganda, hatua chache kutoka kizuizi cha mpaka. Alizaliwa wapi na katika ukoo gani, sikuuliza. Nilikuwa na miaka ishirini na saba wakati ule. Shule niliiacha darasa la tano. Nilikuwa nimepakia pamba, nimefagia mabehewa Tororo, nimechimba dhahabu katika mashimo ya Tiira bila kuiona hata ya kuziba jino. Nilijua kwamba ukimwuliza mtu ukoo wake, naye atakuuliza wako, kisha atakuuliza kwa nini huko kwenu hawakuoni. Kwa hiyo tuliongea mambo mengine.

Aliniita Kiatu. Alisema hajaona mtu anayemaliza soli haraka kama mimi.

Kamusi yake aliipata kwa Mzungu mmoja mpimaji wa barabara aliyerudi kwao mwaka wa Uhuru. Fundi alimtengenezea makreti ya kusafirishia vyombo, na saa ya malipo ilipofika akasema malipo yake ni kile kitabu kinene kinachozuia mlango usijifunge. Ilikuwa kamusi ya Kiingereza, ya aina ile inayoeleza kila neno limetoka kwa nani. Hili Waingereza walilipata kwa Wafaransa, Wafaransa walilipata kwa Warumi, na Warumi nao walirithi kwa babu mmoja wa zamani sana ambaye hakuacha maandishi.

Fundi aliiweka chini ya kitanda akaenda Paya wiki tatu kuezeka kanisa. Aliporudi, mchwa walikuwa wameanza kusoma. Walianza na A kama wanafunzi wenye bidii, wakamaliza B, wakaingia C, wakafika katikati yake ndipo wakafukuzwa kwa majivu na mafuta ya taa. Ukurasa wa kwanza uliobaki mzima ulianza na neno "cow". Hivyo Fundi alikuwa na maneno yote ya Kiingereza kuanzia ng'ombe kwenda mbele.

Kilatini alikuwa nacho tangu zamani. Kwa miaka mingi alitunza sakristia ya misheni moja karibu na Tororo, akiwasha mishumaa na kukunja nguo za misa. Kwanza alikipata kwa masikio tu, kama mtu anavyopata wimbo. Baadaye padri mmoja mzee asiyekuwa na mtu wa kuongea naye jioni akamfundisha maana. Alipopiga randa, alikuwa akinong'ona Injili kwa Kilatini kufuata mkono, mstari mmoja kwenda, mstari mmoja kurudi. Aliyoipenda zaidi ni ile ya mikate mitano na samaki wawili. Mkewe alisema anaipenda kwa sababu ina chakula.

Kwa sababu ya kazi yake, alianza kamusi kwa maneno ya kifo. "Mwenye duka anajua sukari imetoka wapi," aliniambia. "Mimi je?"

Kitu alichokipenda kuliko vyote katika kitabu kile kilikuwa nyota. Maneno ya yule babu asiyeandika yalichapwa na kinyota kidogo mbele yake, na Fundi alinionyesha cha kwanza kwa ncha ya patasi, taratibu, kana kwamba kingeruka.

"Hii, Kiatu, maana yake ni: tunafikiri ni hivi, lakini hatukuwepo."

"Sasa walijuaje?"

"Waliwachukua wajukuu. Kilatini, Kigiriki, Kiingereza, lugha za Wahindi. Wakawapanga mstari, wakatazama pua zao. Wewe ukikuta watoto kumi wana masikio ya namna moja, hujui babu yao alikuwa na masikio gani?"

"Najua."

"Ulimwona?"

"Hapana."

"Basi weka nyota."

Akaifanya kuwa tabia. Mtu akija karakanani na habari kwamba mke wa fulani ametoroka na dereva wa lori, Fundi aliinua kidole kimoja juu na kusema, "Nyota!" Mleta habari ilikuwa lazima aseme kama aliona kwa macho yake au aliambiwa. Wengi waliaga hapo hapo. Sijaona karakana isiyokuwa na umbea kama ile.

Kuna siku alisoma kwamba babu yule alikuwa na mzizi "mer", wa kufa, na kwamba mzizi huo ulizaa "mors" ya Warumi, ukazaa "mortal" na "mortuary", na kwa njia nyingine, bila kupitia Roma, ukazaa "murder" ya Waingereza. Kitabu kikaongeza kwamba hata India wajukuu wapo. Fundi hakumaliza chai. Alipanda lori la simenti lililokuwa likirudi Tororo, akaingia duka la Mhindi mmoja aliyemfahamu, akaegemea kaunta na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Bwana, kwenu kifo mnakiitaje?"

Sasa fikiria wewe ndiye mwenye duka. Mtengeneza majeneza amesafiri kutoka Busia, hajanunua kitu, anakuuliza habari za kifo kwenu. Mhindi alishika meza. Akasema kwa taabu, "Maran." Fundi akapiga kelele za furaha na kucheza pale pale katikati ya magunia ya maharage. Mhindi akamwita mkewe, akafunga milango miwili kati ya mitatu, akaanza kuuliza ni nani aliyefariki, ni kaka yake wa Mbale au ni shangazi wa Kisumu. Ilichukua saa nzima na glasi tatu za maji kumweleza kwamba hakuna aliyefariki, ni neno tu limepata ndugu yake. Tangu siku ile mwenye duka alimwuzia misumari huku akiwa ameweka mkono mmoja kifuani.

Ushindi ule ulimlevya. Akatangaza kwamba hata "mauti" yetu ni ya ukoo ule ule, maana sikiliza, mors, maran, mauti, pua moja! Kwa wiki mbili alilisema hilo kwa kila aliyepita. Kisha akaja muuza chumvi mmoja Mwislamu, mtu mpole, akamwambia, "Fundi, mauti ni Kiarabu. Hata hilo jeneza ni Kiarabu. Na kufariki pia, maana yake ni kutengana tu." Nilitegemea abishe. Hakubisha. Aliweka randa chini, akaenda kwa kila mtu aliyemwambia, mmoja mmoja, hadi ng'ambo ya kizuizi, na kusema, "Ile habari ya mauti, nilikosea. Yanafanana sura lakini si ndugu." Watu wengi walikuwa wamekwisha kuisahau. Wengine hawakuwa wamemwelewa hata mara ya kwanza.

Siku nyingine alikuja na jambo jipya kabla sijakaa.

"Nimepekua kitabu chote, Kiatu. Warumi hawakufa hata mmoja."

"Wako wapi?"

"Walikwenda. 'Decease', ni kwenda zako. 'Perish', ni kwenda hadi mwisho wa njia. 'Obituary', ni kwenda kukutana na kitu. Na yule aliyekuwa 'defunct' amemaliza kazi aliyopewa, basi, kama kibarua anavyorudisha jembe stoo. Hakuna aliyekufa."

"Na Waingereza? Si wana 'die'?"

"Hilo waliletewa na watu wa kaskazini, wa kwenye barafu. Wale wanakufa kweli kweli." Akanitazama kuanzia kichwa hadi soli. "Kwa Kirumi wewe ndiye marehemu kuliko wote hapa Busia. Kutwa unakwenda."

Na mambo haya hakuyaweka kwa maneno matupu. Masika moja tulipeleka sanduku Kisoko. Mvua ilinyesha usiku kucha na kaburi lilikuwa na maji yanayofika magotini. Vijana walitaka kuteremsha haraka, watu wakale. Fundi akasimama kwenye ukingo na kunyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Ngoja. Neno la kuzika ni 'inter'. In terra. Na terra asili yake ni ukavu. Mtu anawekwa pakavu."

Ndugu wa marehemu, mtu mnene aliyekuwa amelowa, akamwuliza, "Fundi, hiyo wewe nasema ni sheria ya serikali?"

"Ya zamani kuliko serikali."

Wakatazamana. Kisha mmoja akaleta sufuria, mwingine karai, mama mmoja akatoa kibuyu, na wote wakaanza kuteka maji. Walianza wakinung'unika na walimaliza wakicheka, maana mzee wa kanisa aliteleza akaingia mzima mzima na ikabidi atolewe kwa kamba. Chini waliweka nyasi kavu kutoka paa la jikoni. Yule ndugu mnene alimshika Fundi mkono na hakuuachia kwa muda mrefu.

Mtu huyo huyo aliyesimama kando ya makaburi mia hakuweza kuchinja kuku. Wageni wakija, mkewe alichinja nyuma ya nyumba huku Fundi akipiga randa kwa nguvu mbele ili asisikie. Na alipenda Kilatini kuliko chakula, lakini mapadri walipoanza kusoma misa kwa lugha za watu, yeye aliyekuwa ameapa kutokanyaga tena kanisani alikanyaga Jumapili ya kwanza kabisa. Alikaa nyuma, akasikia Injili kwa lugha ya mkewe, akalia. Aliporudi nyumbani akasema tafsiri ilikuwa mbaya.

Mkewe sote tulimwita Mama. Alikuwa mfumaji wa vikapu. Alikata mafunjo kwenye kinamasi, akayaanika, na siku za soko aliketi karibu na kizuizi akiwa amezungukwa na vikapu vya samaki, vya mayai, vya mtama, na vile vikubwa ambavyo mtoto wa miaka mitano angeweza kujifichia. Kati yake na Fundi kulikuwa na vita vya miaka mingi, na vilikuwa vita vya raha.

"Mti ni kazi ya mtu," Fundi alisema. "Nyasi ni kazi ya ndege."

"Wewe unatengeneza kitu kinachotumika mara moja," Mama alijibu bila kuinua macho. "Tena mwenyewe hasemi hata asante."

Kweli Fundi alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Hakutupa kipande. Vipande vya mbao vilivyobaki kwenye sanduku hakuvichoma wala hakuvichanganya na vya mtu mwingine. Alivichonga mwiko. Sanduku likitoka, mwiko wa ubao ule ule ulitoka nalo, na Fundi mwenyewe aliuweka mkononi mwa mwenye jiko, mjane au binti au mama. Hakusema maneno makubwa. Alisema, "Kesho mtasonga ugali." Niliwahi kula katika nyumba moja ambapo mwiko ulikuwa umechakaa hadi kubaki kama kijiko cha chai, na mama mwenye nyumba alikataa kununua mwingine. Alisema, "Huu ni wa mzee wangu, bado anasonga."

Ng'ambo ya kizuizi, upande wa Kenya, alikuwapo fundi mwingine. Huyu alitengeneza vitanda, meza na majeneza, yote kwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi nyeusi inayong'aa. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye kicheko cha tarumbeta, na alimwita Fundi "Padri wa Mbao". Asubuhi, kabla ya kufungua kazi, walitukanana kuvuka mpaka kwa sauti ambayo askari wa nchi zote mbili waliisikia.

"Padri wa Mbao! Jana nimeuza mawili, na bila Kilatini!"

"Ndiyo maana yanavuja!"

"Wateja wangu hawajalalamika!"

"Wangoje mvua!"

Askari wa upande wetu aliniambia siku hazinogi kama mmoja wao hayupo. Askari huyo huyo aliwahi kumsimamisha Fundi akivusha sanduku tupu kwenye mkokoteni.

"Wewe napeleka nini?"

"Sanduku."

"Fungua." Akafungua. Askari akachungulia. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Anakuja," Fundi alisema. "Sisi sote tunakuja."

Askari akafunga mfuniko mwenyewe, polepole, akamruhusu apite.

Sasa nifike kwenye jambo lililomnyima Fundi usingizi. Alijua asili ya kila neno la kazi yake. Alijua kwamba "grave", kaburi, ni kuchimba tu, na "grave" nyingine, ya jambo zito, ni ya ukoo mwingine kabisa. Alijua kwamba "tomb" ni kuvimba, kama tuta. Alijua kwamba "hearse", gari la maiti, zamani lilikuwa reki kubwa ya shamba, na reki ilipewa jina la mbwa mwitu kwa sababu ya meno. Hili la mwisho alilipenda hata akaupaka mkokoteni wake meno meupe mbele, watoto wakawa wanaukimbia. Kuhusu "funeral" kitabu kilikiri kwamba mwisho wa njia haujulikani, na hilo nalo alilisoma kwa heshima kubwa. Hata maneno yaliyoliwa na mchwa mengi aliyapata kwa Kilatini chake. "Corpse" ni mwili, na "cadaver" ni kilichoanguka.

Moja tu lilimshinda. "Coffin". Neno la kitu chenyewe alichokitengeneza kila siku. Lilikuwa tumboni mwa mchwa.

Alimwuliza padri kijana, akaambiwa ataangalia. Alimwuliza mwalimu mkuu wa shule moja, akaambiwa mtu mwenye umri wake aulize mambo ya maana. Na jambo hili halikuwa mchezo kwake, kwa sababu alikuwa anajitengenezea lake. Nyuma ya karakana, limesimama ukutani, kulikuwa na sanduku la mvule lililopigwa randa hadi likawa kama maji. Lilikuwa la kimo chake. Mama alihifadhia mahindi humo.

"Mimi siingii ndani ya kitu ambacho sijui jina lake limetoka wapi," aliniambia. "Utalala humo miaka mingapi? Mtu akikuuliza huko, uko wapi, utasema nini?"

Sanduku lile halikukaa. Akija mtu mwenye msiba wa ghafla, mbao hakuna, mvua inanyesha, Fundi alimwaga mahindi, akafupisha au akarefusha, akalitoa. Kisha akaanza jingine. Nilipomfahamu alikuwa kwenye la nne. Nilipoondoka mara ya mwisho alikuwa kwenye la saba, na kifua chake kilikuwa kimeanza kupiga filimbi. Alipiga randa mara tatu, akasimama, akajifanya anatazama ubao kama umenyooka.

"Kiatu," alisema, "wewe unafika mahali pengi. Penye kitabu kizima, chungulia. Lakini usikawie. Hili la saba nalipenda."

Nikamwahidi. Hiyo ndiyo ahadi pekee niliyowahi kumpa mtu kule Uganda.

Neno nililipata Jinja. Nilikuwa napaka rangi kuta za shule ya sekondari wakati wa likizo, na kwenye maktaba vitabu vilifunikwa mashuka. Niliinua shuka moja na pale palikuwa na kamusi ndugu ya ile ya Fundi, nzima, haijaguswa na mchwa. Mwalimu mmoja aliyekuwa amebaki shuleni alinikuta na rangi mikononi, nikadhani atanifukuza. Alinifungulia ukurasa mwenyewe ili nisiuchafue, akanisomea. Nikaandika neno moja kwenye karatasi ya pakiti ya sigara, nikaliweka mfukoni.

Hapa ndipo nina la kujilaumu. Ningeweza kutuma barua. Sikutuma, kwa sababu nilitaka kuuona uso wake. Halafu mtu akaniambia kuna kazi Soroti kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nikasema nitapita huko kidogo tu. Kidogo ile ikawa miezi minane. Neno la Fundi lilikaa mfukoni mwangu, likafuliwa mara mbili na shati, nikaliandika upya.

Nilipoteremka Tororo kutoka Soroti, niliingia kibanda cha chai karibu na stesheni. Mama muuza chai aliniuliza naelekea wapi.

"Busia."

"Basi utakuta kilio. Fundi wa majeneza amekufa. Wanazika kesho."

Sikumaliza chai. Nilitafuta lori, nikapata la magunia, nikakaa juu ya magunia na karatasi mkononi. Mwamba wa Tororo ulibaki nyuma yangu ukizidi kuwa mdogo, na mimi nilihesabu miezi minane kwa vidole, nikirudia kana kwamba hesabu ingeweza kupungua. Kichwani nilimwona Fundi amesimama mahali fulani, wanamwuliza uko ndani ya nini, naye hana jibu.

Nilishuka kwenye karakana jua likiwa limekwisha kuipa Kenya mgongo. Mlango ulikuwa wazi. Nikasikia randa. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya.

"Usisimame kwenye mwanga," sauti ilisema. "Kama ni wewe, Kiatu, ingia. Kama ni mteja, leo sina kitu."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, amekonda, shingo kama mpini. Mama alikuwa chini karibu naye, mafunjo mapajani, anafuma. Niliketi juu ya maranda.

"Huyu ameona mzimu," Mama alisema.

"Tororo wameniambia umekufa."

Fundi akainua kidole. "Uliona?"

"Hapana."

"Na hukuweka nyota! Nimekufundisha bure." Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Ni yule wa ng'ambo. Juzi, akiwa anapaka rangi kitanda. Kicheko chake nilikisikia asubuhi, adhuhuri nikaambiwa."

Nikatazama ukutani. Sanduku la mvule halikuwapo. Mahindi yalikuwa yamelundikwa sakafuni juu ya mkeka.

"Wanawe walikuwa na zile mbao zake nyembamba tu," Fundi alisema, kana kwamba nimemshtaki. "Fundi hawezi kwenda ndani ya zile. Zinavuja. Miaka yote nilimwambia."

"Lilikuwa la saba?"

"La nane. La saba alilipata yule mwalimu mkuu."

"Ilibidi apanue ubavu," Mama aliongeza. "Yule bwana alikuwa mnene. Mzee wangu amekesha analitanua, huku analitukana."

Mkononi mwa Fundi mlikuwa na kipande cha mvule ile, nacho kilikuwa kimeshakuwa mwiko, bado shingo tu kulainishwa.

Nikamwambia, "Nimelipata neno."

Randa ikasimama. Mama akaacha kufuma. Nikakunjua karatasi, ingawa nililijua kwa moyo.

"Limetoka Ufaransa, huko walilipata kwa Warumi, nao walilichukua kwa Wagiriki. Zaidi ya hapo hawajui. Na maana yake, Fundi, kwa wote hao, tangu mwanzo..." Nikamtazama Mama, nikaona aibu kidogo. "Maana yake ni kapu."

Mama ndiye aliyeanza. Alicheka kimya kimya mabega yakitikisika, kisha kwa sauti, kisha akaanguka kando akikumbatia kikapu alichokuwa akifuma, na machozi yakamtoka.

"Kapu! Kazi ya ndege! Miaka thelathini, Mzee! Miaka thelathini unatengeneza makapu, tena mabaya, hayana hata mkono wa kubebea!"

Nilimtazama Fundi, nikidhani nimemvunja moyo. Hakuwa anamsikia. Midomo yake ilikuwa inasogea, na mkono wake ulikuwa unakwenda na kurudi hewani bila randa. Nikatambua ile Injili yake, ya mikate mitano. Alipita samaki, akapita nyasi walizokalia watu, akapita kushiba. Kisha akafika mahali akasimama.

"Cophinos," alisema.

"Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema. "Karibu hivyo hivyo."

"Duodecim cophinos. Makapu kumi na mawili." Alisema polepole, kama mtu anayepapasa mfuko wake na kukuta ufunguo aliotafuta nyumba nzima. "Watu wameshiba. Bwana anasema vipande vilivyobaki vikusanywe, kisipotee chochote. Wanakusanya, wanajaza makapu. Ndilo neno lenyewe. Nimelisema kila siku nikipiga randa. Nimelisema juu ya kila sanduku, Mama, na sikujua nalitaja."

Mama alikuwa ameketi tena. Alijifuta macho kwa kiganja.

"Kumbe ndiko tunakowekwa," Fundi alisema. "Pamoja na vipande vilivyobaki, baada ya kula." Akatazama sakafu, maranda na vipande vya mvule. Akaanza kuviokota, kimoja kimoja, akivitia kwenye kikapu cha Mama ambacho hakijakamilika, naye Mama hakumkataza.

"Sasa unaweza kulala ndani ya lako," nikamwambia.

"Nikilitengeneza. La tisa."

"La tisa nalo utampa mtu," Mama alisema.

Fundi akainua kidole. Nikangoja aseme nyota. Akakifikiria kidole kile, kisha akakishusha. "Hilo," alisema, "halina nyota."

Alilainisha shingo ya mwiko mara tatu, akapumzika, mara tatu tena, akaupuliza, akanikabidhi. Alisema mjane wa ng'ambo anangoja na yeye miguu haimfikishi.

"Mwambie kesho atasonga ugali. Na askari akikuuliza umebeba nini, usiseme mwiko."

Niliondoka. Nyuma yangu Mama alikuwa anamwuliza kama anataka kufundishwa kufuma kabla hajachelewa, naye alikuwa anajibu kwa Kilatini. Kwenye kizuizi askari alikuwa yule yule, amezeeka kidogo, ametazama upande wa Kenya ambako hakukuwa na mtu wa kutukana.

"Wewe napeleka nini?"

"Makombo," nikasema. "Vipande vilivyobaki."

Akautazama mwiko, akatazama karakana, akainua mti wa kizuizi.